Salamu za Bi Mize

Juzi nilipita mtaa wa Tibirinzi, redio ya dukani ikipiga nyimbo laini za mapenzi, nikacheka peke yangu kwa kukumbuka alasiri moja ya utotoni.

Alasiri ile tulikuwa barazani tunachambua karafuu, harufu yake imetujaa mikononi. Jirani yetu Bi Mize alikuwa kamcheka mama kwa kuachwa. Mama akapiga simu redioni kuomba taarabu ya mipasho, kisha akaielekeza redio yetu kwa Bi Mize na kupandisha sauti.

Mtangazaji akasema, "Wimbo huu ni wa Bi Mize na mumewe, popote alikolala jana."

Mie nikadhani ni heshima. Nikamkimbilia: "Bi Mize, mmesalimiwa redioni."

Akanifungia mlango.

"Kaitikia?" mama akauliza.

"Hakuitikia."

"Ataitikia tu. Na kesho nimemchagulia wimbo mwingine."