Bora wa Kushoto

Randa ya umeme ilimla kaka yangu vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, kwenye karakana ya seremala hapa Zinga. Waliokuja kutupa pole walisema maneno yaleyale, utadhani walikubaliana njiani: "Bora wa kushoto." Maana wa kulia ndio wa kula, wa kuandikia, wa kuwapa watu mkono. Hata mimi nilisema, tena nikaongeza utani wangu: "Ungekuwa wa kulia, ugali ungeumega kwa mguu?" Wageni walicheka. Kaka aliangalia bandeji.

Tulisahau wote kwamba kaka ndiye mpiga gitaa wa kwaya ya kigango, na kwenye gitaa mkono wa kushoto ndio unaosema. Wa kulia unakuna tu. Kidonda kilipopona alilitundika gitaa lake sebuleni, nyuzi zikitazama ukuta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Jumapili ikifika, kichwa kinamuuma. Kila Jumapili. Ule utani wangu ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Banda la gemu karibu na shule yetu lina mashine kuukuu yenye gemu la muziki. Rangi zinashuka kwenye kioo, wewe unabonyeza vitufe vya rangi hizo kwenye shingo ya gitaa la plastiki, huku mkono wa pili unapiga kibao chake cha kati. Halichezwi, kwa sababu gitaa lenyewe halipo na kila mtu anataka mpira. Siku moja nilipekua menyu yake nikakuta sehemu ya mashoto. Ukiichagua, gitaa unaligeuza: kulia kunabonyeza, kushoto kunapiga. Na kupiga, kidole gumba kinatosha.

Niliuza jogoo wangu, nikaenda Bagamoyo mjini kwa muuza vifaa vya mtumba. Alikuwa na magitaa matatu ya gemu lile, ameyatundika pamoja na midoli.

La kwanza jeupe, zuri kama la bibi harusi, halina waya, na kile kidude chake cha kuchomeka kwenye mashine kimepotea. Bila hicho ni fagio. La pili nilipoligeuza, chuma chake cha kupindisha sauti kikanichoma mkono. La tatu jeusi, limejaa stika za katuni, vitufe vinalia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini chuma chake kinazunguka, na mkanda unashika pande zote. Nikakunja vidole viwili vya kushoto, nikapiga kwa gumba.

"Dogo, umelishika kichwa chini," muuzaji akasema. "Na hivyo vidole umevificha nini? Unapiga gitaa au unakuna upele?"

"Namjaribia kaka yangu. Vyake vililiwa na randa."

Akaacha kucheka. "Mkono gani?"

"Kushoto."

"Aa, bora wa kushoto."

Nikachukua jeusi, nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi, banda likiwa tupu, nilimburuta kaka kwa uongo kwamba kuna benchi la kurekebisha. Alipoliona gitaa alinitazama kama nimemtukana.

"Yaani mimi ni wa kuletewa kitu cha watoto?"

"Jaribu tu, kaka. Likikuudhi, nizabe kofi. Wa kulia si upo mzima?"

Mdomo wake ulicheka nusu. Akavaa mkanda. Wimbo wa kwanza alikosa kila kitu; gitaa likanyamaza, ngoma zikaendelea bila yeye. Wa tatu akaufikisha mwisho. Kioo kikajaa nyota, mimi nikarukaruka kama mwehu.

Yeye hakuruka. Alienda nyumbani mbiombio, akalishusha gitaa la kweli, akaligeuza vilevile. Nyuzi nene zikawa chini, nyembamba juu. Vidole vya kulia vikatafuta mahali pao, kikatoka kitu kama sufuria zinaanguka. Akarudia. Akarudia tena, mpaka mama akachungulia kutoka jikoni, machozi yakimlengalenga.

"Mungu mkubwa! Mwanangu unapiga! Si nilisema, bora wa..."

"Mama!" nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mama nikabaki na meno yangu. Safari hii hakunigusa.

Kaka alilirudisha gitaa kwenye msumari, nyuzi ukutani.

"Kule bandani," akaniuliza, "kesho wanafungua saa ngapi?"

"Kesho Jumapili, kaka. Kuna misa."

"Ndiyo maana nakuuliza."