Yule Asiyeitwa Kwenye Tambiko

Ninyi vijana mnaosoma riwaya mmelala chali, kaeni vizuri mnisikilize. Mnasema hadithi za watumwa ni za kutunga tu. Mimi shule yangu iliishia kwenye kisomo cha watu wazima, lakini nimeona kitabu kikimliza mtu mzima.

Miaka ile ya sabini binti yangu alikuwa anasomea ualimu Mbeya. Likizo moja alikuja nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Mlandege, na riwaya ya mwanamke mtumwa, akawa anatusomea huku tunapukuchua mahindi. Mama yangu, macho yake yalikuwa yameshafifia, aliposikia mtumwa yule wa kitabuni anaitwa kwa jina lake mwenyewe, akaacha gunzi mkononi.

"Jina hilo waliliandika tangu enzi zile?"

"Hapana, Bibi. Mwandishi kalitunga. La kweli lilipotea."

"Basi huyo ana bahati. Mama yangu hata wa kumtungia hana."

Akalia. Mama yake alitekwa Usangu angali mtoto, akaletwa Uhehe kwa kamba. Babu alimfanya mke, lakini watu walimwita Msangu tu, mpaka akafa. Walimzika pembeni mwa shamba, mbali na makaburi ya ukoo. Kila tambiko wafu huitwa mmoja mmoja na kumwagiwa pombe. Yeye hakuitwa, na enzi za uhai wake ulezi wa pombe hiyo alikuwa akiusaga yeye. Mama alitaka jambo moja kabla hajafa: mama yake aitwe.

Tukaenda kijijini kwa mjomba, mtoto wa mke mkubwa wa Babu, ndiye aliyeshika tambiko. Akacheka.

"Dada, nimwite nani? Nichukue jina kwenye kitabu cha mjukuu wako?"

"Mama yako alipougua, nani alikubeba mgongoni? Ukilia ulimwita nani?"

Mjomba akatazama chini. "Nilimwita mama."

"Haya, mwite hivyo hivyo."

"Siwezi, dada. Hana ukoo. Wazee watanigeuka."

Mama akanishika mkono, tukarudi mjini. Mvua za mwaka ule hazijakatika, akafariki. Tukamrudisha kijijini, tukakuta mjomba ameshasafisha nafasi kwenye makaburi ya ukoo, eti dada yake ni damu yao. Nilijifuta uso kwa khanga, nikawageukia wanangu.

"Chukueni majembe. Chimbeni kule pembeni mwa shamba, ubavuni kwa mama yake. Mjomba akiuliza, mwambieni nimesema mimi."