Mfarishi Uliokuwa na Jina Langu

Mkojo wa mzee una harufu yake, na asiyeijua ashukuru Mungu. Si kama ule wa mtoto mchanga, ambao akina mama huufuta kwa ncha ya leso huku wakicheka. Wa mzee mgonjwa hupanda puani ukakaa humo, na ukilowesha kitambaa kizito kisha kitambaa hicho kikaanikwa juani bila kufuliwa, unaiva. Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, nyumba yetu ya Kiwanjani, hapa mjini Isiolo, ilinuka hivyo kuanzia mwezi wa sita hadi karibu na mvua za vuli. Hiyo ndiyo miezi ya upepo kwetu. Upepo ulibeba vumbi la barabarani, ukapita uani, ukaichukua ile harufu na kuitembeza chumba hadi chumba kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Ilikuwa kwenye mashuka, kwenye nywele zangu, kwenye chai ya maziwa. Nilikunywa chai nimebana pua, mama ananitazama tu. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani nitamsimulia utamu wa utotoni. Nilichefuka msimu mzima, na kilichonuka hivyo kilikuwa kitu nilichokishona kwa mikono yangu mwenyewe.

Nyumbani tulikiita blanketi ya vipande. Baadaye mwalimu wa Kiswahili alinifundisha kwamba jina lake ni mfarishi: vipande vya nguo vilivyoungwa, vikatandazwa juu ya matambara, kisha vyote vikashonwa pamoja kuwa kitu kimoja kizito cha kujifunika. Mama ndiye aliyenifundisha kuushona. Kila Jumamosi nilizunguka kwa mafundi wa sokoni, wale wanaoweka cherehani zao barazani mwa maduka, nikaokota walivyovitupa chini: vipande vya dera, vya kanzu, vya sare za shule, vya mapazia. Ndani tulitia sweta za mitumba zilizotoboka. Nilishona kwa mkono likizo nzima ya mwezi wa nne na jioni nyingi baada yake. Mama alikuwa hodari wa kufumua. Mshono ukipinda, aliuvuta uzi wote akanirudishia bila neno. Haba na haba hujaza kibaba, na hatimaye nikawa na mfarishi mpana. Alikuwa ameniahidi kwamba nikiumaliza utakuwa wangu, nami nitaacha kugombania blanketi moja na dada zangu wawili. Ili pasiwe na ubishi nilitarizi jina langu katikati kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama kiganja: TALASO. Nikajifunika siku nne tu.

Siku ya tano lori la mbuzi kutoka Merti lilimshusha babu mlangoni kwetu. Alikuwa baba yake mama, Mzee Guyo, mchungaji maisha yake yote, mrefu, mwenye kilemba cheupe na maneno machache. Alikuwa anaumwa, na mama ndiye mtoto wake pekee aliyeishi karibu na hospitali. Alilazwa chumba cha mbele juu ya godoro la sponji. Asubuhi ya kwanza godoro lilikuwa limelowa, na asubuhi ya pili vivyo hivyo. Mama akaja chumbani kwetu, akaukunja mfarishi wangu, akasema, "Babu anaskia baridi. Yako ndiyo nzito."

"Lakini ulisema ni yangu," nikamwambia.

"Ni yako. Mimi nasema tu vile itatumika."

Maneno hayo yaliniudhi kuliko kama angesema ameninyang'anya. Babu alijizungushia mfarishi, nusu chini nusu juu, kama wachungaji walalavyo porini, na kulipokucha kazi yangu ya likizo nzima na jioni zote zile ilikuwa imelowa kuanzia katikati hadi upindoni.

Maji yalikuwa ya mgao wakati huo. Bomba lilifunguliwa mara mbili kwa juma, na mitungi tuliyojaza ilikuwa ya kupikia, kunywa na kutawadhia, kwa hiyo mfarishi ulifuliwa siku ya Alhamisi peke yake. Siku nyingine zote uliachiwa jua. Ukilowa ulikuwa mzito kama kondoo. Ulikata waya wa kuanikia siku ya kwanza. Nyuma ya nyumba palikuwa na kivuli na mbuzi wa jirani wasiosaza kitu. Mahali pekee pa kuutandaza palikuwa juu ya ua wa miiba mbele ya nyumba, kando ya njia ya kwenda shuleni. Mama, ambaye hakujua kusoma, aliutandaza upande wa jina ukiangalia njia. Kufikia Jumatano ya kila juma ulikuwa na madoa ya manjano yaliyopandana, duara ndani ya duara, inzi wamejaa juu yake, na katikati ya uchafu huo jina langu, likisomeka vizuri kabisa.

Makena ndiye aliyelisoma kwanza. Alikuwa mtoto wa jirani zetu Wameru na tulikaa dawati moja. Alisimama njiani, akaziba pua, akasema, "Talaso, kwani wewe bado unakojoa kitandani?" Kabla ya mapumziko darasa zima lilijua. Walisogea mbali nami kwenye benchi. Waliniita Kikojozi, na jina hilo lilinishika kuliko hili nililopewa na wazazi. Nilirudi nyumbani nikamwomba mama augeuze mfarishi, auweke ndani, auchome moto, lolote. Mama akasema, "Ukiulizwa nyamaza. Mzee hasemwi."

Nililielewa jambo lenyewe, sikuwa mjinga. Babu alikuwa akiamka kabla ya adhana, akijikokota hadi bafuni na birika lake, akijiosha muda mrefu mno, kwa sababu mkojo ni najisi na yeye hakuwa mtu wa kukosa swala. Alitandika msala wake mbali na godoro, kwenye pembe ya mwisho ya chumba, na alipopita karibu na mfarishi aliinua kanzu isiuguse. Hakuna aliyemtajia kitu naye hakututajia. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata nilikuwa mimi, niliyebeba aibu ya mtu mwingine kifuani kama beji. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliposikia akikohoa niliona kinyaa, na aliponiita nimletee maji nilimwekea kikombe sakafuni ili mkono wake usiguse wangu.

Niliyavumilia hayo mpaka asubuhi moja ya mwezi wa nane. Makena na wasichana wengine watatu walisimama mbele ya ua wetu wakaanza kunusa hewa kwa kelele, kama mbwa. Nilitoka na begi langu mgongoni. Mmoja akauliza, "Leo umeogelea mpaka wapi?" Ulimi hauna mfupa. Nikasema kwa sauti ambayo ingefika barabarani, "Si yangu. Ni ya babu. Yeye ndiye anakojoa kila siku kama mtoto, mimi sijawahi."

Nilitarajia wacheke na waniombe radhi. Hakuna aliyecheka. Makena aliondoa mkono puani, akatazama chini. "Ai, Talaso," akasema polepole, "huwezi ongea hivyo juu ya mzee." Kisha akatazama nyuma yangu, nami nikageuka. Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya ua, akiota jua hatua tano kutoka pale niliposimama. Sisi tulizungumza naye Kiborana siku zote, na nilijiambia kwamba hakuelewa. Lakini alikuwa ameuza mifugo kwenye minada kwa miaka mingi, na mnadani hakuna lugha nyingine ila Kiswahili. Alikuwa akitazama mikono yake.

Siku hiyo aliukataa mfarishi. Alimwambia mama kwamba anahisi joto, upepo ukivuma nje mpaka mabati yanagongana. Alilala juu ya ngozi ya ng'ombe aliyokuja nayo, amejifunika shuka jepesi, na asubuhi aliifuta ngozi yeye mwenyewe kwa majivu. Mama alimsihi, akakasirika, akalia. Mimi nilinyamaza kama nilivyokuwa nimeagizwa, safari hii bila kukumbushwa. Baada ya juma moja aliomba arudishwe Merti, na hakuna aliyeweza kumbadilisha nia. Lori lilipofika mama alimtupia mfarishi mabegani, kwa kuwa alikuwa ameufua vizuri na alijua safari ni ndefu. Babu aliuvua, akaukunja mara mbili, akaniwekea mikononi. Hakujua kusoma, lakini alipapasa ule uzi mwekundu kwa kidole. "Hii ni yako," akaniambia kwa Kiswahili, ili nijue. "Jina yako iko hapa." Alifariki kabla ya mvua.

Siku hizi kushona mifarishi ndiyo kazi yangu. Maji yanafika bombani siku nyingi, nina cherehani ya umeme, na mafundi wenyewe huniletea vipande kwa magunia. Wanunuzi wangu wengi ni watu wa hoteli za kule mbugani, nao huniuliza swali moja: huu ni wa kitanda au wa ukuta? Wanautaka wa ukuta. Wanasema ni mzuri mno kutumiwa. Ukuta hausikii baridi. Nimeingia katika vyumba vyao nikaona kazi yangu ikining'inia kama ngozi ya mnyama aliyewindwa, na chini yake mtu amelala kwenye shuka jeupe lisilo na mwenyewe. Zamani kwetu mfarishi ulikwenda kwa anayeuhitaji, na kama ulinuka, ulinuka kwa sababu ulikuwa kazini. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani ilinifanya niseme niliyoyasema.

Mwaka jana mama, ambaye sasa naishi naye, alianza maradhi yale yale ya baba yake. Mke wa kaka yangu alishauri tumtandikie nailoni na matambara, tusiharibu vitu vya kuuza. Mama mwenyewe alikubaliana naye. Mimi nilitoa mfarishi ulioagizwa na hoteli, ulionichukua miezi miwili, nikamtandikia. Ulilowa siku hiyo hiyo. Niliinama kuuvuta, harufu ikanipiga, na mwanamke mzima kama mimi nikageuza uso nikatema mate. Mama aliniona.

"Talaso, unaona kinyaa?"

Nilitaka kumdanganya. "Naona," nikasema.

"Hata mimi niliona," akasema. "Ya baba yangu. Nilikuwa natapika kwanza nyuma ya choo, ndio nakuja kuwaamsha." Akashika ncha ya ule mfarishi. "Na ile siku ulimsema hapo kwa ua, mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia yote. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimechoka."

Nikaweka beseni chini, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamwinua.