Mbili Fupi, Moja Ndefu

Ko-ko. Kooo. Mbili fupi, moja ndefu. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu, na niliisikia katika duka dogo la kahawa katikati ya mji, ambako baba yangu alikuwa bwana wa mashine ya espreso. Kila alipomaliza kumtolea mteja kikombe, aligonga kile kijiko cha mashine chenye mpini mzito juu ya sanduku la mbao ili machicha ya kahawa yadondoke, na hakuna mwingine aliyegonga hivyo. Jioni akirudi kwetu Ziwani, alibisha mlango kwa mapigo yale yale, na Mama alifungua bila kuuliza ni nani. Mimi sikumaliza darasa la saba, lakini leo nina nyumba mbili za ghorofa kule Njiru, nilizozisimamia tangu msingi hadi bati, na hajazaliwa fundi wa kunidanganya kuhusu mfuko wa saruji. Nasema haya ili ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kutishwa na vivuli.

Likizo ile ya Agosti nilikuwa na miaka tisa, na Baba alinichukua kazini kila Jumamosi. Tulitembea kwa miguu asubuhi, ukungu umelala juu ya mto, watu wa upande wa pili wa daraja wakionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Duka lilikuwa na meza tano na mashine ya shaba iliyofoka mvuke kama kitu kinachopumua. Watu walitoka maofisi ya mbali kuja kunywa espreso ya Baba, nyeusi kama oili chafu, katika kikombe kisichozidi yai. Nyumbani kwetu kahawa haikunywewa. Shosho, nyanya yangu, aliichuma kule Murang'a tangu usichana wake na hakuwahi kuionja. Sisi tulikuwa watu wa chai ya maziwa. Kwa hiyo pale nyumbani harufu ya kahawa ilikuwa harufu ya mtu mmoja. Ilikaa katika koti la Baba, na ilitangulia kupita chini ya mlango kabla yeye mwenyewe hajaingia. Wavulana wa mtaa waliniita Kahawa, nami nikavimba kichwa. Mama Mutindi, mwoshaji wa vikombe, Mkamba mwenye mdomo usiolala, alinisukumia kikombe siku moja akasema, "Kunywa basi, Kahawa. Jina unalo, kitu chenyewe hukijui." Nikaonja, nikatema. Baba alicheka mpaka mvuke ukamfunika, na kwa muda nikaliona shati lake tu, limesimama pale bila kichwa. Sijui kwa nini sikucheka.

Jumamosi ya nne nilivunja kikombe. Jumamosi ya tano Baba aliondoka bila mimi, nikanuna kutwa nzima. Jioni Mama alijitanda leso kwenda mazoezi ya kwaya, akaniagiza nifunge komeo, na Baba akija nimfungulie.

"Atalala nje," nikasema.

"Mdomo huo utakuja kukula," akajibu, akaenda zake akitabasamu.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili, wakati ule ambao rangi zinatoka kwenye vitu kabla taa hazijawashwa. Harufu ya kahawa ikaingia chini ya mlango. Kisha ko-ko, kooo. Nilikuwa kitandani, uso nimeuelekeza ukutani. Sikuinuka. Nikasikia tena, polepole zaidi, kama mtu ambaye mkono umemchoka: ko, ko. Kooo. Nikajiambia nitafungua akiniita jina. Hakuniita. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya kile nakisikia hadi leo. Nilipofungua, koridoni hapakuwa na mtu, wala sikuwa nimesikia hatua za kuondoka. Mama aliporudi, alikuwa ameshikwa mikono na wanawake wawili wa kanisani, akilia. Tukaambiwa Baba aliangukia njiani, akitoka kazini.

Sasa fikiria mtoto wa miaka tisa na hesabu yake. Baba alifika mlangoni akiwa mgonjwa, mimi nikamnyima mlango, akageuka, akaenda kufia barabarani. Mama alizeeka na kuzikwa bila kuniambia zaidi, nami sikumwambia langu. Niliogopa shule kwa sababu mwalimu alikuwa na tabia ya kugonga meza. Niliingia kazi ya mjengo, ambako kelele za nyundo hazikomi, na watu wakasifu bidii yangu. Bidii ilikuwepo, sikatai.

Agosti iliyopita, Jumamosi, miguu ilinipeleka pale dukani. Meza ni zile tano, mashine ni mpya. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Niaje mzae, single ama double?" Nikamwambia kipimo kimoja kinatosha. Akanitolea, kisha akageuka kumwaga machicha. Ko-ko. Kooo. Nikakitua kikombe. Nikamuuliza nani alimfundisha kugonga hivyo.

"Shosh. Huyo hapo kwa kona. Alishika mashine miaka mingi."

Mama Mutindi alikuwa amekunjamana kama kokwa, lakini mdomo ni ule ule. "Kahawa," akasema kabla sijajitambulisha. "Umenenepa hivi, na bado unatembea kama baba yako. Alinifundisha mashine, na mkono wake ukabaki kwangu."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nikakaa, nikamuuliza nililoogopa kuuliza maisha yangu yote: siku ile Baba alitoka hapa saa ngapi?

"Hakutoka," akasema. "Alianguka hapo nyuma ya kaunta. Mimi ndiye nilimfumba macho. Mwenye duka akatusihi tuseme ni njiani, maana nani atakunywa kahawa pahali maiti imelala? Mama yako akakubali. Aliona ni neno dogo."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tisa mchana. Saa ya ukuta ilikuwa juu yake."

"Na saa kumi na mbili?"

"Saa kumi na mbili alikuwa mochari, mwanangu. Kwa nini?"

Nilimaliza kikombe chote, machungu yake yote, mara ya kwanza maishani. Kosa nililolibeba tangu utoto lilishuka begani, na mahali pake pakabaki ubaridi tu. Nimewahi kujiambia walikuwa wavulana wa mtaa wakinitania. Lakini wavulana wa Ziwani hawakunuka kahawa.

Kwetu Ziwani tulikuwa na mlango mmoja wa mbao na komeo. Leo Njiru nina geti la chuma, mlinzi, kamera mbili na kengele ya umeme inayoimba, na mke wangu huwaonyesha wageni. Wiki ile nilimwita fundi, akaing'oa kengele. Mke wangu aliuliza wageni watafanyaje. Nikamwambia wabishe. Na kila jioni, rangi zinapoanza kutoka kwenye vitu, navuta kiti karibu na mlango, komeo nimelifungua, nakaa.