Majani Juu ya Bomba

Khoo, pyuu. Khoo, pyuu. Hivyo ndivyo lilivyokohoa bomba dogo nyuma ya kiwanda cha kahawa, likitema maji ya moto mtaroni. Ndani, Taata, baba yangu, naye alikohoa. Kazi yake ilikuwa kulilisha kuni boila, lile pipa kubwa la chuma linalotoa mvuke. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kila mchana nilimpelekea chakula kutoka kijijini kwetu Kitendaguro, nikiota njiani kwamba siku moja nitaendesha meli ziwani. Bado naota.

Mwaka ule kifua kilimwelemea. Fundi mkuu, mtu wa mjini mwenye kofia ya viua, alimwambia nikisikia: "Mzee, mvuke ukishuka tena nitamweka mwingine. Nifanyeje?"

Taata akaongeza kuni. Kibanja chetu, shamba la migomba, kilikuwa kidogo, na nilikuwa na wadogo watano.

Nilitoka nje nisilie mbele yao. Mvuke wa mtaroni ukanipiga usoni. Nikawaza: nyumbani Mama akipika ndizi, huweka sufuria ya maji ya kuoga juu ya chungu, yapate moto wa bure. Hapa wanamwaga ya moto, kisha wanavuta ya baridi ziwani na kumwambia Taata ayachemshe!

Nikarudi, nikasema. Fundi akacheka. "Binti, shule gani imekufundisha hayo?"

"Jikoni, bwana."

Taata naye akacheka, mpaka akakohoa. Lakini fundi akawa anatazama tangi la maji ya boila. Wiki ile ile aliunga mabomba, maji ya moto yakarudi tangini badala ya mtaroni. Siku ya kwanza yalifika vuguvugu tu. Upepo wa ziwa ulikwisha kuyala joto njiani. Taata akaja na mzigo wa majani makavu ya migomba, akalifunga bomba lote, tabaka juu ya tabaka.

"Mzee, unapika bomba?"

"Ndizi hatuziachi uchi chunguni, bwana. Utagusa kesho."

Kesho yake fundi aligusa tangi, akavuta mkono upesi. Kuni zikapungua. Taata akawa anapata nafasi ya kukaa kwenye gogo, akivuta pumzi. Habari ya mtu mwingine haikutajwa tena.

Alikaa kwenye gogo lile misimu miwili ya kahawa. Kifua hakikupona, kilipumzishwa tu. Masika yalipoingia alilala siku nne. Ya tano tukamzika kibanjani.

Matanga yalipokwisha, nilibeba majani makavu mpaka kiwandani. Mvua ilikuwa imeyaozesha yale ya zamani, na mahali pamoja chuma kilikuwa wazi, kinafuka. Nikabandua yaliyooza, nikafunga mapya kwa fundo alilonionyesha. Nikaweka kiganja juu. Majani yalikuwa baridi. Joto lilibaki ndani, kama alivyotaka. Nikaongeza tabaka moja tena.