Wiki Tatu za Kutengeneza Vitanda

Nilikuwa fundi seremala katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mwaka ule sikutengeneza meza hata moja. Nilitengeneza masanduku ya maiti. Malaria ilikuwa imewashika watoto, na sisi watu wa Kivu ya Kusini, Kongo, hatumziki mtu kwenye mkeka kama mbao zinapatikana. Upande wetu mwenye randa nilikuwa mimi peke yangu. Mtu akifika na macho mekundu, namwuliza, "Urefu gani?" Hata pole simpi. Nilijiambia kazi ni kazi. Uongo mtupu!

Mchana mmoja binti yetu wa miaka mitano alikuwa amelala, amechoka kucheza, mzima kabisa. Nilichuchumaa karibu naye. Mke wangu aliingia na ndoo ya maji akanikuta nampima kwa shibiri, kuanzia utosini. Ya tatu ilikuwa imefika magotini. Mungu ni shahidi yangu, mkono ulikwenda wenyewe.

Ndoo ilimponyoka. "Unapima mutoto yangu? Papa, unapima mutoto yangu!"

Nilitaka kusema nafukuza nzi. Alimnyakua mtoto, akarusha begi langu nje.

"Toka! Enda Mbarara, enda fasi yoyote. Utarudia siku utamuona kama mutoto. Kama hauwezi, usirudie."

Hakuwa anatania. Tulipokimbia vita alizika watoto wawili njiani, na huyu ndiye aliyebaki. Niliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikadandia lori la ndizi lililopitia Isingiro, nimefura kwa hasira. Nifukuzwe kwa sababu ya kazi inayowalisha? Lori lilipofika Masha hasira ilikuwa imekwisha, nimebaki na woga tu. Kwa sababu alisema kweli, na mimi sikujua dawa yake.

Mbarara nilipata kibarua kwenye karakana ya vitanda. Mwenye karakana alikuwa Munyankore, mwenyeji wa hapo, mnene, mtu wa mzaha. Kitanda changu cha kwanza alikizunguka mara mbili.

"Sebo, bwana fundi, mutu atageuka namna gani hapa? Ama amekufa?"

Mafundi wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa nimekipima mabega na viwiko, basi, kama sanduku. Nilikibomoa nikaanza upya. Siku zile baada ya kazi nilikuwa nakaa kando ya mto Rwizi, naangalia maji, nawaza nitakuwa mtu wa namna gani bila mke wangu na binti yangu. Chakula kilinishinda.

Wiki ya pili walikuja bwana na bibi waliooana juzijuzi. Bibi alijilaza kwenye kitanda nilichomaliza asubuhi, na viatu vyake, akafumba macho. Mimi nikaona maiti. Kisha akaruka juu akamwambia mumewe, "Mimi ndiyo nitalala kwa ukuta!" Wakaanza kubishana, kelele tupu. Nikamwomba alale tena. Akashangaa, lakini akalala, akaamka. Jamani, alilala akaamka! Niliwaangalia kama mjinga. Usiku ule nilikula sahani mbili za matoke.

Wiki ya tatu ilipokwisha nikarudi. Kwenye kibanda changu cha kazi nilimkuta baba mmoja amekaa juu ya gogo, ananisubiri. Nilijua anataka nini. Nilikaa karibu naye nikamwambia, "Pole, ndugu yangu," nikamwuliza mtoto alikuwa anaitwa nani. Mwaka mzima sikuwahi kumwuliza mtu jina. Alipolitaja nililia kuliko yeye, mpaka yeye ndiye akaanza kunituliza. Sanduku nililitengeneza, ingekuwaje? Watoto walikuwa bado wanakufa.

Nyumbani mke wangu alisimama mlangoni, hakunikaribisha. Begi nililiweka chini. Binti yangu alikuja anachechemea.

"Ana nini?"

"Funza. Hataki niiguse."

Niliomba sindano. Nikauweka ule mguu mdogo mapajani, una vumbi, una joto, unapigapiga. Nilipochokoa alipiga yowe, akanizaba kofi la uso, akaniita mbwa. Kofi la nguvu! Nilicheka na machozi yananitoka, na mke wangu alikuwa ananitazama. Kisha akainama, akachukua begi langu, akaliingiza ndani.