Mto Nyuma ya Mgongo

Mpiga picha wa mtaa wa Kamalondo alikuwa na madoa ya rangi vidoleni, maana mapazia ya studio aliyachora mwenyewe: ndege, bahari, barabara ya Ulaya. Kila mteja, hata wakubwa wa mgodi na makoti yao ya abakosti, mpiga picha alimshika mabega akamgeuza aelekee kamera, huku akirudia yaleyale: "Siku moja muntu atavaa mashini ku macho, ataingia mu picha muzima, atasikia mpaka baridi ya mayi." Alima, binti wa mtaa huo, alikuwa akimcheka, hadi alipompeleka baba yake studio, mzee aliyetoka Kasongo, mji ulio kando ya mto Lualaba, akiwa kijana na hakurudi tena. Kwa wiki tatu mpiga picha aliuchora mto huo kwenye pazia kwa kufuata maneno ya mzee: mawe, mitumbwi, ukingo mwekundu. Siku ya picha mzee alisimama na kanzu yake ya Idi, akautazama ule mto, mgongo wake kwenye kamera.

"Geuka huku, papa," mpiga picha alisema, akamshika mabega kama kawaida. Mzee akageuka kwa adabu. Taa ikamulika, kazi ikaisha, mteja mwingine akaitwa. Mwezi uliofuata mzee alizikwa. Alima alipokwenda kuomba nakala ya picha, alimkuta mpiga picha amekaa kwenye kiti cha wateja, ameipa kamera mgongo, anautazama mto wa pazia.

"Ningemwacha tu," alisema bila kugeuka. "Alikuwa alisha kufika."